Farasi wa mgodi akienda pansioni: alishwe kwa mizani

Ndugu wachimbaji, mama wa kampi zote, wazee wetu wa pansioni, leo sendika inawaletea habari ya farasi. Msicheke kwanza. Farasi huyu ni mwenzetu wa kazi. Alishuka chini, alivuta wagoni, alikula posho yake ndani ya giza, na siku moja akapandishwa juu, kazi imekwisha. Sisi tunataka kuangalia kile kilichofuata: alipewa kula nini, na kwa nini kumlisha mzee kama huyu ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana.

Huku kwetu farasi ni wachache, juu ya inzi ya tsetse ambayo inawaua fasi nyingi za Kongo. Lakini wale waliosoma Germinal ya Zola kwenye sekondari wanamkumbuka Bataille, farasi mweupe aliyekuwa na miaka 10 chini ya udongo. Haikuwa hadithi ya kitabu tu. Uingereza, mwaka 1842, sheria ilikataza wanawake wote, na watoto wanaume wa chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya mgodi. Wengi kati yao njo walikuwa wanavuta na kusukuma makala ya mawe. Farasi wadogo wakaingizwa kwa wingi. Ilipofika mwaka 1913, walikuwa karibu 70 000 chini ya udongo wa Uingereza.

Farasi mmoja alifanya saa nane kwa siku, na ndani ya saa hizo aliweza kuvuta tani 30. Kwenye migodi ya kwenda chini sana alilala hukohuko, akaona jua wakati wa likizo ya mwaka tu. Chakula chake kilikuwa majani makavu yaliyokatwakatwa, pamoja na mahindi. Ndiyo, mahindi, kama sisi. Sheria ya mwaka 1911 ilisema farasi asishuke mbele ya kufikisha miaka minne, kipofu asifanyishwe kazi, na kila farasi 15 wawe na mtunzaji wao. Sisi wa sendika tulipoisoma hiyo tuliangaliana. Mtunzaji mmoja kwa farasi 15! Kwa wachimbaji 15 wa kwetu, waganga ni wangapi? Tuliache hilo, tutalirudia siku nyingine.

Mashini zikaja, farasi wakapungua. Mwaka 1994 mgodi wa Ellington, kule Northumberland, ulipofungwa, farasi wanne wa mwisho wa pale wakatoka. Wawili wakapelekwa kwenye makumbusho ya makala ya mawe, karibu na Wakefield. Farasi mdogo anaweza kuishi miaka 30 na zaidi, kwa hiyo pansioni yake iko ndefu.

Na hapa njo matatizo yanaanza. Wengi wa farasi hawa walikuwa wa aina ndogo, za visiwa vya Shetland na milima ya Wales. Kule kuna upepo, baridi, majani machache na magumu. Mwili wao umezoea umaskini: wakati wa joto unaweka mafuta, wakati wa baridi unayatumia, na kitu kidogo sana kinamtosha. Ni mwili mzuri kwa mwenye njaa. Ni mzuri pia kwa mgodi, maana tani 30 kwa siku zinaunguza mahindi yote. Sasa mtoe huyo kazini, mweke kwenye shamba la majani mabichi, mpe na ndoo ya nafaka juu ya kumhurumia. Atanenepa mbele ya miezi kupita. Watu watasema: angalieni mzee alivyopendeza!

Kupendeza huko kunaweza kumuua. Farasi mnene wa aina hii, akila sukari nyingi ya majani, homoni inayopanga sukari kwenye damu inapanda sana, kama kwa watu wanaoanza kushikwa na ugonjwa wa sukari. Kwa farasi maumivu yanashukia kwenye kwato. Ndani ya kwato kuna nyama laini inayoshikilia mfupa kwenye ukuta wa kwato. Nyama hiyo inaharibika, inaachia, na uzito wote wa mwili unausukuma mfupa chini. Waganga wa nyama wanauita laminitisi. Aliyeshikwa anasimama amejitupa nyuma kwenye visigino, anatembea kama mtu aliyekanyaga makala ya moto, kwato zina joto, na ukiweka kidole juu yake mshipa unapiga kwa nguvu. Ukiona hivyo, mtoe kwenye majani siku ileile, mtandikie fasi laini, usimlazimishe kutembea, na munganga wa nyama aitwe haraka. Wengine hawaponi, wanauawa ili wasiendelee kuumia.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni mizani. Mama zetu waliokaa kwenye kampi siku za posho hawatashangaa, wanajua unga kupimwa kwa kilo. Farasi anayetakiwa kupungua anapewa chakula kisichozidi kilo moja na nusu kwa kila kilo 100 za mwili wake, kwa siku, ukihesabu kilicho kikavu kabisa. Farasi mdogo wa kilo 200 atapata basi kilo tatu. Majani makavu yanabaki na maji kidogo ndani, kwa hiyo kwenye mizani utapima karibu kilo tatu na nusu. Kupima kwa macho hakufai: mkono wa mwenye huruma iko siku zote mzito. Nafaka na mahindi, hapana. Vile alikuwa anapewa kwa ajili ya wagoni, na wagoni haipo tena.

Majani yenyewe yawe yale yaliyokomaa, yenye miti miti, si yale laini yenye harufu tamu. Watu wengi wanayalowesha majini kwa saa kadhaa, maji yanatoka na sehemu ya sukari, kisha wanayamwaga. Pima mbele ya kulowesha, maana yakilowa mizani itakudanganya. Wakati wa joto usiyaache humo mda mrefu, yatachacha. Na kwa kuwa maji yanachukua pia madini, na posho yenyewe imepunguzwa, anahitaji kuongezewa kidogo unga wa vitamini, madini na protini, ule wa farasi usio na nafaka nyingi.

Kitu kimoja hapa kinasahauliwa mara nyingi. Tumbo la farasi linatengeneza asidi mchana na usiku, ale asile. Ukimpa kilo zake zote asubuhi, saa sita zimekwisha, anasimama bure mpaka kesho na tumbo linajila lenyewe. Zigawe mara tatu au nne, au zitie ndani ya wavu wa matundu madogo, avute kidogo kidogo. Ndiyo, atalalamika, lakini atakuwa na kazi ya kufanya.

Shamba la majani mabichi ni hatari kuliko ndoo, kwa sababu hakuna anayeliona kama chakula. Farasi mdogo aliyeachiwa huko siku nzima anaweza kula mara mbili au tatu ya posho tuliyoisema. Ukimfungulia saa chache tu, anajifunza kukimbiza mdomo, ile mbinu ya mfanyakazi aliyepewa dakika 10 za kula. Bora apewe kipande kidogo kilichozungushiwa kamba, au avalishwe kikapu cha mdomo chenye tundu dogo. Tena sukari ya majani inapanda na jua la mchana, inashuka usiku. Basi atoke usiku, arudishwe asubuhi mapema. Ila kwenye inchi za baridi, asubuhi ya barafu kwenye majani abaki ndani, maana baridi inazuia sukari isishuke.

Wako watu wakali wanaosema: kama ni mnene, afunge siku tatu. Hapana! Hapa tunakataa kwa nguvu. Farasi mdogo, zaidi ule wa Shetland, akinyimwa chakula ghafula mwili unamwaga mafuta kwenye damu, ini linashindwa, na anakufa akiwa bado mnene. Mzee hapunguzwi kwa adhabu. Anapungua polepole, wiki kwa wiki, na kama kwato ni nzima anatembezwa kila siku. Kutembea kunasaidia sukari ya damu hata mbele ya kilo kushuka.

Sasa uzee wenyewe. Meno ya farasi yanasuguliwa na kutoka nje kidogo kidogo maisha yake yote, mpaka siku moja yanakwisha. Ukiona vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu vimeanguka chini, majani marefu hayamfai tena. Anapewa yaliyokatwa mafupi sana, au mabaki ya biti ya sukari yasiyotiwa molasi, yaliyolowekwa mpaka yawe kama uji. Uji huo pia unapimwa ukiwa mkavu.

Kuna kitu kingine kinachodanganya macho. Baada ya miaka 15 hivi, farasi wengi wanapata ugonjwa wa kitezi kidogo chini ya ubongo. Manyoya yanakuwa marefu na hayapukutiki, anakunywa maji mengi, nyama ya mgongo inakwisha, tumbo linaning'inia. Mwenyewe anaona mifupa ya mgongo, anasema mzee amekonda, anaongeza chakula. Kumbe juu ya shingo kuna mafuta magumu, na kwato ziko kwenye hatari. Munganga atapima damu, na kuna dawa ya kila siku, pergolidi, inayosaidia. Kwa hiyo usimwangalie kwa mbali. Pitisha mkono: mbavu unazisikia bila kukandamiza? Shingo juu inakunjika, au imekuwa ngumu? Nyuma ya bega na kwenye mkia kuna uvimbe laini? Fanya hivyo kila wiki mbili na uandike, kama vile mkubwa wa timu anavyoandika kwenye kaye yake.

Tunawaona wazee wetu wanaotoka kazini: bukari inabaki ileile ya mtu wa piki na nyundo, viti ni vingi, presha na sukari zinafuata. Hatusemi mtu ni farasi. Tunasema tu mwili uliozoea kuvuta unashangaa ukiachwa kusimama.

Kabaki kazi ya wageni. Farasi wa mgodi akiwa kwenye makumbusho au shamba la pansioni, watoto wanakuja na mkate, karoti, tofaa na sukari ya vibonge, kila mmoja anatoa kidogo, jioni hakuna anayejua jumla. Mtunzaji anayejua kazi yake anaandika kwenye ubao, pale kwenye ua: msimpe kitu. Mtoto akitaka kumfurahisha, amkune kwa nguvu pale shingo inapokutana na mgongo. Atanyoosha mdomo wa juu na kufumba macho nusu, na hakuna kilo inayoongezeka.