Ujuzi wa Wenyeji na Uhai wa Misitu ya Milimani

Kata ya Malolo, wilayani Kilosa, imo katika nchi kavu ya mibuyu karibu na mto Ruaha Mkuu. Mvua yake ni haba, na wakulima hutegemea mifereji iletayo maji ya mto Mwega mashambani. Kaskazini mwa Malolo kuna milima ya Rubeho. Kusini, ng'ambo ya Ruaha, kuna milima ya Udzungwa. Yote ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya. Misitu ya milima hiyo hunasa unyevu wa pepo za Bahari ya Hindi, hupokea maji ya mvua na kuyaachia polepole hata wakati wa kiangazi.

Kwa muda mrefu sana misitu hiyo imetengana kwa nyanda kavu, na viumbe wa kila mlima wamebadilika kwa namna yao. Ndiyo sababu milima hii ina mimea na wanyama wasiopatikana penginepo duniani. Wingi huo wa aina za viumbe huitwa bioanuwai. Baadhi ya wanyama hao walijulikana kwa wenyeji muda mrefu kabla ya kuandikwa katika vitabu vya sayansi.

Mfano mmoja ni ngolaga wa Sanje, kima wa misitu ya Udzungwa. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979, ilhali wenyeji walikwisha kuujua mlio wake na kumpa jina. Mwaka 1991, katika msitu wa Ndundulu, watafiti waliona miguu ya ndege wasiyemjua ndani ya chungu cha mchuzi. Ndege huyo ndiye kwale wa Udzungwa, ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia. Baadaye kwale wa jamii hiyo alipatikana pia katika milima ya Rubeho.

Mfano wa tatu ni kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa, huko Rungwe, walimtaja kima mwenye haya aitwaye kwa jina hilo. Kwa kuwa simulizi za huko huchanganya wanyama wa kweli na wa kubuni, watafiti walisita kuamini. Mwaka 2003 walimwona kwa macho yao, na mwaka 2004 watafiti wengine walimkuta Ndundulu, zaidi ya kilomita 300 kutoka Rungwe. Mwaka 2006 alipewa jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika tangu mwaka 1923.

Ujuzi wa namna hii hutokana na haja. Mrina asali hana budi kujua mti gani huchanua lini. Mganga hutofautisha majani yanayofanana. Mwindaji husoma nyayo na milio. Anayekosea hurudi mikono mitupu.

Hata hivyo, ujuzi huo huo ndio unaoelekeza mtego. Kwale alitambuliwa akiwa tayari ni kitoweo. Zamani watu walipokuwa wachache, msitu uliweza kufidia kilichotolewa. Sasa moto, mashamba mapya, ukataji wa miti kwa ajili ya mkaa na mitego ya nyaya huupunguza msitu kwa kasi. Mnyama akitoweka katika msitu uliozungukwa na nchi kavu, ni vigumu wenzake wa msitu mwingine kuja kujaza pengo. Kima wala matunda hueneza mbegu za miti. Wakipungua, baadhi ya miti hukosa wa kuieneza, na msitu unaotunza maji hudhoofika.

Hapo ndipo sayansi inapohitajika. Mwindaji huujua msitu wake, lakini idadi ya mnyama katika eneo lake lote hupatikana kwa hesabu ya pamoja. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilikadiria kipunji 1,117 tu duniani kote. Bila tarakimu hiyo, asingejulikana kuwa yumo hatarini kiasi hicho.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, imezuia uharibifu mwingi. Lakini mipaka pekee haitoshi, kwani mtoto asiyeingia msituni na wazee wake hatajifunza majina ya miti wala milio ya wanyama. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imevipa vijiji uwezo wa kutenga na kusimamia misitu yao wenyewe. Katika misitu hiyo wazee wanaweza kufundisha, vijana wakaandika na kuhesabu, na kijiji kikaamua kipi kivunwe na kipi kiachwe. Kwa mkulima anayengoja maji mferejini, uamuzi huo una uzito sawa na ule wa kuchagua mbegu.