Umeitwa uigize filamu ya mwanafunzi? Soma hii kabla upande mat

Unaijua ile meseji. Inaingia WhatsApp saa tano usiku. Niaje, natumai uko poa, nasoma filamu na niko na projekti ya mwisho, niliona kazi yako na nadai uwe kwa hii. Bajeti ni ndogo lakini fare na lunch zipo. Chini kuna skripti ya kurasa 12 na asante tatu.

Kama wewe ni muigizaji, ama unashika kamera, taa, maiki au hata brashi ya makeup, siku moja itakupata tu. Nairobi iko na wanafunzi wa filamu kila kona: KIMC, Kenyatta University, ADMI na kwingineko, na kila mwaka kuna mbogi mpya inayotafuta sura na mikono ya bure. Sasa swali ni, uende ama uchune?

Mimi ni mtu wa sauti. Nimebebea wanafunzi bumu kwa seti kadhaa, na mengi utakayosoma hapa nimeyaona mwenyewe ama nimeyasikia kwa waigizaji na mafundi wenzangu tukingoja taa ziwekwe. Na utangoja, manze. Kungoja ndio kazi yenyewe, kuigiza ni zile dakika chache katikati.

Kwanza mwelewe huyo anayekuita. Dairekta mwanafunzi hatengenezi filamu tu, anafanya mtihani. Kamera imetoka stoo ya shule Ijumaa na lazima irudi Jumatatu asubuhi. Lekchara atamkatia maksi kwa mwanga, kwa skripti, kwa vile ameunganisha sini. Hakuna maksi za kama ulikula, wala za kama ulifika home salama. Simaanishi ni mtu mbaya. Wengi wao ni watoto wa watu wenye adabu zao, na fare yako imetoka kwa pocket money. Lakini ukishajua anapimwa kwa nini, utaelewa mbona ifikapo saa kumi jioni anasahau kila kitu isipokuwa jua linalozama.

Waigizaji waliokomaa kwa jukwaa ndio husumbuka sana siku ya kwanza. Kwa theatre unaanza mwanzo unaenda hadi mwisho. Hapa unaanza na kifo chako, lunch, halafu unapewa sini ya kukutana na bibi yako mara ya kwanza. Kisha sini moja inarudiwa mara kumi. Ya kwanza kamera iko mbali inachukua chumba chote, ya pili inakuja kwa sura ya mwenzako, ya tatu ndio inafika kwako. Sasa kuna watu humwaga machozi yote kwa ile shoti ya mbali, ambapo hata pua yako haionekani vizuri. Kamera ikifika karibu, kisima kimekauka. Dairekta mzoefu angekuambia utunze. Mwanafunzi hasemi, kwa sababu na yeye ndio anagundua hapo hapo. Kwa hivyo muulize mapema: kamera inaona nini saa hii? Hilo swali halina aibu.

Na kumbuka mkono. Kama ulishika kikombe cha chai na mkono wa kushoto ukisema "sitaki", shika na huo huo kila mara. Seti kubwa ziko na mtu kazi yake ni kuangalia hayo tu. Seti ya mwanafunzi, huyo mtu ni wewe.

Upande wangu wa sauti ndio noma zaidi. Mtazamaji atasamehe picha yenye giza kidogo, atasema ni staili. Sauti mbovu hakuna anayesamehe. Halafu lokesheni ni bedsitter ya beshte, chini kuna fundi wa welding, nje kuna mathree inapiga ngoma, na jirani amewasha pampu ya maji. Ukiona mtu wa sauti anazima friji, usimcheke. Friji ikinguruma kwa shoti moja na kunyamaza kwa nyingine, edita hawezi kuziunganisha bila wewe kusikia mkato. Trick ya kizamani ni kuweka funguo zako ndani ya hiyo friji, ndio usiende home kabla ya kuiwasha tena. Nyama ya wenyewe imeharibika kwa seti nyingi kwa sababu mtu hakufanya hivyo. Na mwisho wa sini utaambiwa mkae kimya kama dakika moja, hakuna kusonga, hakuna kukohoa. Hatuombi dua. Tunarekodi ukimya wa hicho chumba, ndio edita apate kitu cha kuziba mashimo.

Sasa utauliza, na hizi taabu zote, watu huenda mbona?

Kuna sababu moja iko kwa rekodi na imetoka hapa kwetu. Desemba 2015, al-Shabaab walivamia basi lililokuwa likienda Mandera. Walitaka abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Waislamu wakakataa. Wengine waliwapa Wakristo hijabu zao wajifunike. Mwalimu Salah Farah alikuwa ndani ya hilo basi, akapigwa risasi, na akafariki Januari 2016. Mwaka mmoja kabla, watu 28 walikuwa wameuawa kwa basi lililokuwa likitoka huko huko Mandera, kwa hivyo kila mtu ndani ya hilo basi alijua kukataa kunaweza kumgharimu nini.

Hiyo story ikawa Watu Wote, filamu ya dakika kama 22 iliyotoka 2017. Dairekta wake, Katja Benrath, alikuwa mwanafunzi wa Hamburg Media School kule Ujerumani, na hiyo ilikuwa projekti yake ya kumaliza shule. Alikuja kuishutia Kenya, akiwa na wanafunzi wenzake, na waigizaji wa hapa. Adelyne Wairimu ndiye aliyeigiza Jua, yule mama Mkristo anayepanda basi akiwa na uchungu wake moyoni. Pia walikuwamo Faysal Ahmed na Barkhad Abdirahman, wale wasee uliowaona kwa Captain Phillips ya 2013 pamoja na Tom Hanks. Yaani mtu ametoka seti ya Hollywood, akakubali kuongozwa na mwanafunzi. Filamu ilishinda tuzo ya Oscar ya wanafunzi 2017, halafu 2018 ikaingia nominesheni ya Oscar yenyewe, ile kubwa, upande wa filamu fupi. Haikushinda, lakini sura za Wakenya zilifika pale kupitia homework ya mtu.

Fikiria vile lazima ilikuwa kuigiza hiyo sini ya basi. Dairekta ni mgeni, hajui Kiswahili cha mtaani wala Kisomali, na wewe ndiwe unajua abiria wa basi la Mandera hukaa vipi, husalimiana vipi, mtu akiogopa anashika nini. Hapo ndipo utajua dairekta mwanafunzi ako na faida moja ambayo wakubwa wengi hawana: bado anaweza kukuuliza. Yule wa matangazo ya biashara ameshalipwa na anajua anachotaka. Mwanafunzi unaweza kumwambia, "Huyu mama hawezi kusema hivi," na ukaona anafungua laptop, anabadilisha laini pale pale.

Mfano mwingine ni wa Spike Lee. Filamu yake ya kumaliza masomo pale New York University, 1983, ilikuwa ya kinyozi wa Brooklyn. Aliyeshika kamera alikuwa mwanafunzi mwenzake, Ernest Dickerson. Msaidizi wa dairekta alikuwa kijana mwingine wa darasa, jina lake Ang Lee. Dickerson baadaye akashika kamera ya Do the Right Thing na Malcolm X, na Ang Lee naye akaja kuchukua Oscar mbili za dairekta bora. Hapo kwa hiyo seti ya kinyozi hakuna aliyejua. Ndio maana mimi husema, ukifika kwa seti usiangalie dairekta peke yake. Angalia yule anayebeba taa bila kulalamika, na yule anayeandika kila shoti kwa kitabu. Hao ndio watakupigia simu miaka mitano ijayo.

Lakini usiende kama kondoo. Kuna mambo uliza kabla ya siku yenyewe.

Leseni na barua. Kenya iko na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na inadai leseni kwa filamu za kuonyeshwa umma. Muulize ako na karatasi gani, kutoka shule na kwingine. Kanjo akiwapata mkishuti pale Tom Mboya Street bila kitu, hatauliza nani ni dairekta, atabeba aliye karibu. Na kama kuna sini ya wezi na bunduki ya bandia nje kwa barabara, usikubali hadi uhakikishiwe OCS wa hiyo eneo anajua. Mtaani mtu hapigi simu kuuliza kama ni filamu. Hapo hakuna mjadala, hata kama skripti ni tamu vipi.

Pesa sema mapema, hata kama ni ya fare tu. Itumwe asubuhi kwa M-Pesa, si usiku mkishamaliza, kwa sababu usiku atakuwa amesota na wewe utakuwa Kinoo ukihesabu sarafu.

Halafu kopi. Hii ndiyo watu husahau, na ndiyo iliyonifanya niandike haya yote.

Kuna seti moja niliyofanya, shule siitaji. Dairekta alikuwa msichana wa miaka 22, skripti yake ilikuwa ya baba anayerudi home baada ya miaka mingi. Baba aliigizwa na mzae wa jukwaa, mtu ambaye amezunguka na setbook kwa mashule hadi akapoteza hesabu. Saa nne usiku tuko teki ya tisa na haiwaki. Kila mara dada anasema turudie, na haelezi mbona. Mzae hakukasirika. Aliketi kitandani akamwuliza kwa upole, huyu baba anataka nini kwa huyu mtoto, msamaha ama chakula? Dada akanyamaza. Halafu akakiri hajui, na machozi yakaanza. Tulizima kamera. Wakaongea karibu nusu saa, na nilielewa bila kuambiwa kwamba hiyo skripti haikuwa ya kubuni. Waliporudi, mzae alifanya teki mbili. Kwa ya pili aliomba chakula, lakini ungesikia ni msamaha. Mshika kamera alijipangusa macho na mgongo wa mkono. Mimi nilishindwa kushusha bumu.

Projekti ilipata maksi nzuri, tukaambiwa. Mzae akangoja kopi. Miezi ikapita, akapata nafasi ya kwenda odisheni ya kipindi cha TV, wakataka klipu yake ya kamera. Maisha yote kwa jukwaa, hakuwa na hata moja. Nikamtafuta dada. Akanieleza akiwa na aibu: diski ilikuwa ya shule, darasa jipya lilipoingia zote zilifutwa, na ile aliyowasilisha ilikuwa ya dakika nane ambayo teki yenyewe haikuingia, kwa sababu lekchara alisema ni ndefu. Nayo pia hakuwa nayo.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inatambua haki za muigizaji kwa kazi yake, lakini haki haikurudishii faili lililofutwa. Kwa hivyo kwa ile fomu ya ruhusa utakayopewa utie sahihi, andika na kalamu yako mwenyewe: nitapewa sini zangu ndani ya siku 30. Kama hakuna fomu, itume kwa WhatsApp na ungoje ajibu sawa. Beba flash yako siku ya mwisho, uombe mshika kamera akuwekee teki zako kabla hajapaki. Itamchukua dakika kumi. Jina lako pia liandike vile unataka lisomeke mwishoni, maana nimeshaitwa "Sound Guy" kwa filamu mbili.

Mzae bado hunipigia mara moja moja. Kadi yangu ya sauti sikuwa nimeifuta, kwa hivyo niko na teki zote kumi na moja kwa laptop. Nilimtumia ile ya mwisho. Picha hakuna, ni sauti yake tu akiomba chakula, na kwa mbali, ukiongeza volume, friji niliyosahau kuzima.