Minyoo ya kuku wa Voi, na dawa isiyoigusa

Ukitaka kujua hali ya tumbo la kuku, amka kabla yake. Hilo ndilo somo la kwanza la mama mmoja wa mtaa wa Mwakingali, mjini Voi, anayefuga kuku wa kienyeji wasiofika ishirini. Ameomba jina lake lisiandikwe. Majirani humwita daktari ingawa hakusomea udaktari, na kuku wa mtaa akizubaa, mlango unaobishwa kwanza ni wake.

Alfajiri huinama chini ya vijiti wanavyolalia kuku, akachokoa kinyesi kibichi kwa njiti ya kiberiti. Juu yake pana vipande vyeupe, vidogo kama punje za mchele. Ukitulia, utaona kimoja kinajivuta, kinarefuka, kinanywea, kisha kinasogea. Hiyo ni pingili ya tegu, iliyokatika yenyewe kutoka mwisho wa mwili wake na kutoka nje ikiwa imejaa mayai. Jua la Voi likishapanda, pingili hukauka na kupotelea kwenye vumbi. Ndiyo maana anayefagia banda adhuhuri huapa kwamba kuku wake hawana minyoo.

Pingili zile hazikuniondoka akilini kwa sababu moja: kuku wale walikuwa wamenyweshwa dawa ya minyoo wiki iliyotangulia. Ilinunuliwa agroveti, ikachanganywa kama ilivyoelekezwa, na kesho yake minyoo mirefu ilionekana kwenye kinyesi. Mbona basi tegu wangali wapo?

Mama huyu amelieleza jambo hilo mara nyingi, na bado linamuudhi. Dawa inayouzwa sana ni piperazini. Huipoozesha minyoo ya mviringo, ile mirefu myeupe, ikashindwa kujizuia, na utumbo ukaisukuma nje. Tegu hana habari nayo. Kichwa chake kina vinyonyo na vijindoano, na amejing'ang'aniza kwenye ukuta wa utumbo. Levamisoli nayo haimwezi. Zinazomng'oa ni prazikwanteli au niklosamidi, dawa ambazo mnunuzi hataziomba kama hajui ni mnyoo gani anaopambana nao. Akiona pingili tena, husema ameuziwa dawa feki, huongeza kipimo cha ileile, au hukata tamaa kabisa. Kwa mama huyu, la mwisho ndilo baya zaidi, kwa sababu mtu aliyekata tamaa haangalii tena banda lake.

Akichinja, hufungua utumbo wote kabla ya kuuosha. Mara nyingine hukuta vinundu kwenye ukuta wake, pale tegu alipojichimbia. Wanaoona kwa mara ya kwanza hushtuka na kutaka kumtupa kuku mzima. Yeye huutupa utumbo na kuipika nyama, akiwatuliza kwamba tegu huyu wa kuku hahamii kwa binadamu.

Kuna jambo jingine ambalo dawa peke yake haitalimaliza. Tegu haendi moja kwa moja kutoka kuku hadi kuku. Sharti pingili iliwe kwanza na mdudu kama sisimizi au mbawakawa, yai likue ndani ya mdudu huyo, kisha kuku amdonoe. Sasa kuku wa kienyeji ni nafuu kwa sababu gani, kama si kwa kujitafutia? Kila mdudu anayemwokolea mfugaji gharama ya chakula anaweza kuwa ndiye aliyembeba tegu. Nilipomuuliza kwa nini asiwafungie, mama alinijibu kwa swali: mwanangu, nikiwafungia nitawalisha nini? Sikuwa na jibu.

Minyoo ya mviringo ina mwendo tofauti. Mayai yake hukomaa ardhini, penye joto na unyevunyevu, na kuku huyameza akichakura. Ukavu na jua kali huyaua. Kwa hiyo katika tambarare ya Voi mama haogopi uwanja mkavu. Anaogopa chini ya bomba, maji machafu yanapomwagika, na pembe ya banda isiyopata jua. Ukipanda hadi Wundanyi, kwenye ubaridi na ukungu wa milima ya Taita, kivuli na unyevu vimeenea uani kote, na mayai huishi muda mrefu zaidi. Hata hivyo wafugaji wa pande zote mbili hupewa ushauri uleule: dawa kila miezi mitatu. Kwake yeye, anayekaa penye unyevu ndiye wa kuwahi, na wa bondeni aanze kwa kuhamisha chombo cha maji na kufagia kinyesi kila asubuhi.

Hata kunywesha kuna ufundi wake. Dawa ikitiwa kwenye maji ya wote, jogoo na mitetea wenye nguvu hunywa kwanza, na mgonjwa anayesukumwa pembeni hupata tone au hukosa kabisa. Yeye hungoja usiku. Humchukua kuku mmoja mmoja kijitini, akampapasa kifua kwa dole gumba kujua kama nyama imepungua, akamdondoshea dawa pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Husubiri ameze, kwa kuwa dawa ikisukumwa kwa nguvu huweza kuingia njia ya hewa. Hapohapo humulika usoni kutafuta viroboto waliojishikiza karibu na macho, na chini ya mbawa kutafuta utitiri.

Siku chache baadaye ndipo huja chanjo ya kideri, tone moja jichoni. Utafiti umeonyesha kwamba kuku mwenye minyoo mingi hujenga kinga hafifu baada ya chanjo, basi kuchanja bila kutibu minyoo ni kufanya kazi nusu. Chanjo ya aina ya I-2, inayostahimili joto, ilitengenezwa Australia kwa kuwafikiria wafugaji wa vijijini wasio na friji. Lakini chupa ya dozi 100 ikishachanganywa haiwekwi muda mrefu, kwa hiyo wenye kuku kumi na wawili lazima wachange na kupanga siku moja.

Nilitamani mtu angekaa na wafugaji hawa wadogo kwa heshima kama ile ya waliotengeneza chanjo hiyo, upande wa minyoo pia. Chini ya Katiba ya 2010, huduma za mifugo ni jukumu la kaunti. Nani atamwambia mama wa Voi dawa ipi inaua mnyoo upi, kwa Kiswahili, na kwa kipimo cha kuku kumi? Mayai ya kuku ya siku zile za dawa, ambayo kwa baadhi ya dawa hayapaswi kuliwa, nani atayafidia? Na jirani asiye na pesa ya dawa, ambaye kuku wake wanachakura uwanja huohuo, afanyeje? Mama huyu humnyweshea bure. Dawa hiyo hutoka mfukoni mwake, na mfuko wenyewe si mkubwa.