Chakula cha boga kwa mtoto mdogo

Mtoto mchanga hunyonya maziwa ya mama tu mpaka miezi 6. Kisha maziwa peke yake hayamtoshi tena; lakini asiachishwe. Tumbo lake ni dogo: uji wa majimaji hulijaza upesi, wala haumpi nguvu. Mtoto hukonda. Basi, tumpikie boga.

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni. Osha boga lililoiva, limenye, toa mbegu, likate vipande. Vipike kwa maji machache mpaka vilainike, kisha viponde kwa mwiko. Tia vijiko 2 vya karanga zilizokaangwa na kusagwa laini. Koroga, pika tena kidogo. Mwisho tia kijiko kidogo cha mawese.

Boga la rangi ya machungwa lina vitamini A, inayolinda macho. Mafuta husaidia mwili kuipokea. Karanga hujenga mwili. Lakini usimpe mtoto karanga nzima: zaweza kumkaba koo.

Inamisha kijiko. Chakula kikimwagika kama maji, ni chepesi mno. Kikishika kijikoni, kinafaa. Mlishe polepole, kingali vuguvugu.

Maulizo: Kwa nini uji wa majimaji haumtoshi mtoto? Mafuta yana kazi gani?