Wosia wa Milimani: Nani Husimama Kuupinga?

Msomaji wa pwani, ukipanda hadi Kericho kisha ukashukia Bomet utaikuta michai imefunika vilima mpaka macho yachoke. Utajiri u hapo, na fitina ya mirathi i hapo hapo. Mnazi humngoja mkwezi, mchai haungoji. Hutaka kuchumwa kila baada ya siku chache, nao huishi kuliko aliyeupanda. Mzee akifariki, majani yaendelea kuchipua, na malipo ya kiwandani na bonasi ya mwaka bado yamo katika jina la aliye kaburini. Nani apokee?

Sisi Waislamu mwenye mali hausii zaidi ya thuluthi, wala wosia kwa mrithi hausihi ila warithi wenziwe waridhie. Kizuizi chetu hutangulia mauti. Kule milimani hutawala Sheria ya Urithi, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 1981. Mgawanyo wa mali ya Mwislamu uliachiwa sheria yetu mwaka 1990. Chini ya sheria hiyo mtu aweza kumwandikia mmoja kila kitu. Kizuizi huja baada ya maziko.

Mjane na watoto waweza kwenda mahakamani kudai kuwa hawakuachiwa cha kuwatosha, wala hawaulizwi kama marehemu alikuwa akiwalisha. Wazazi, wajukuu na ndugu ni lazima waonyeshe kuwa aliwakimu hadi kufa kwake. Wosia wenyewe waweza kuangushwa kama mwenyewe hakuwa na akili timamu, au alilazimishwa, au maandishi hayana mashahidi wawili. Lakini anayedai fungu la kumkimu asiposema kabla ya mahakama kuthibitisha mgawo, amechelewa.

Mabinti ndio waliosukumwa kando zaidi, kwa hoja kuwa wataolewa. Katika kesi ya Rono, baba alifariki mwaka 1988 bila wosia, akaacha ekari 192. Mahakama Kuu iliwapa wana wa kiume ekari 30 kila mmoja, na mabinti ekari 5. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilipokaa Eldoret iliufuta mgawo ule.

Liko jambo jingine litakalomshangaza msomaji wetu. Kwa desturi ya Wakipsigis, na ya ndugu zao Wanandi, mali hufuata nyumba ya kila mke. Mke asiye na mwana wa kiume, umri ukisha kumpita, hutoa ng'ombe wa mahari akaoa mwanamke mwingine. Kitanda hawashiriki. Mke huyo huzaa na mwanamume, na watoto huwa wa nyumba ya yule mama, wakairithi. Kwetu ndoa hiyo haipo, wala siitetei; lakini kuna watoto ambao hawana nyumba nyingine.

Mwaka 2011 shauri la namna hiyo lilikatwa hapa hapa Mombasa. Mama wa Kinandi alikuwa amefariki na kuacha mali mjini. Mwanamke aliyemwoa kimila, mwenye wana wawili, akaomba kusimamia mirathi. Jamaa wa marehemu wakapinga, wakisema yeye si mke. Jaji Ojwang aliitazama desturi yao, akaona ndoa ilikuwapo. Jamaa wa damu wakarudi nyuma, mjane na wanawe wakatangulia.