Tovuti tano, fundi mmoja, na siku tatu za aibu

Leo nazungumza na vijana wetu wanaotengeneza tovuti, na wale wanaowalipa.

Mimi natunza miradi mitano ya JavaScript, mmojawapo wa madrasa. Kila mmoja niliutayarisha kivyake, kwa mkono. Kabla ya Ramadhani seva ilipandishwa toleo jipya la Node.js, injini inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari. Miradi minne niliirekebisha mapema. Wa madrasa nikausahau. Fomu ya michango ya futari ikakwama siku tatu, na waliotaka kuchangia wakawa wanauliza kulikoni. Kosa lilikuwa langu. Kazi ya kurudiarudia haifai kutegemea kumbukumbu ya mtu aliyefunga.

Mradi wa JavaScript hausimami peke yake. Hutegemea vifurushi vya watu wengine kutoka ghala la npm, na mradi mdogo tu waweza kuvuta mamia. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa humo kifurushi chake, left-pad, chenye mistari 11, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa kwa saa kadhaa.

Basi nilifanya nini?

Kwanza, niliiweka miradi yote chini ya folda moja kuu. Tangu toleo la 7 la npm, lililotoka 2020, unaitaja miradi yako kwenye faili ya package.json chini ya neno "workspaces". Ukiandika npm install mara moja, yote mitano inahudumiwa.

Pili, kila mradi una majina yale yale ya amri: "build" ya kujenga, "test" ya kupima. Sasa npm test --workspaces inaipima yote, hausahauliki hata mmoja.

Tatu, nilifunga matoleo. Faili ya package-lock.json huandika toleo kamili la kila kifurushi. Kwenye kompyuta mpya natumia npm ci, ambayo huweka yaliyoandikwa humo tu, na hugoma ikiwa faili mbili hizo hazipatani. Toleo la Node.js nalo nimeliandika kwenye faili ya .nvmrc.

Nne, Dependabot ya GitHub hukagua vifurushi kila wiki na kuniletea pendekezo la kusasisha. Vipimo hujiendesha vyenyewe, kisha mimi ndiye naamua.

Hapo pa kuamua usipaachie mashine. Mwaka 2018 kifurushi cha event-stream kilipenyezwa msimbo wa kuiba Bitcoin, na aliyepokea kila kipya bila kuangalia aliukaribisha mwizi ndani. Mashine ikumbuke, mtu aangalie.

Kuyapanga haya kulinichukua wikendi moja. Mwenye jahazi hangoji maji yajae ndani ndipo atafute kalafati.

Nawe mzee wa kamati au mama mwenye duka, huhitaji kujua JavaScript. Muulize fundi wako swali moja: "Kompyuta yako ikiibwa leo, tovuti yetu itasimama tena kwa amri ngapi?" Akianza kuhesabu vidole, mpe wikendi moja aipange. Inshallah Ramadhani ijayo hutapigiwa simu nilizopigiwa mimi.