Mji wa Ngome Ulionusurika
Msafiri azuruye kusini mwa Ufaransa huona hata makanisa yamejengwa mfano wa ngome. Kanisa kuu la Albi, lililoanza kujengwa mwaka 1282, lina kuta za matofali, ndefu na nene kama za boma.

Huko Carcassonne, mji wa kale umezungukwa na kuta mbili zenye minara 52. Karne ya 19 kuta hizo zilikuwa zimechakaa, na watu walichukua mawe yake kujengea. Mwaka 1849 serikali iliamua zibomolewe. Wenyeji wakapinga kwa nguvu, na uamuzi ukatanguliwa. Mwaka 1853 fundi mkuu Viollet-le-Duc akaanza kuzitengeneza.

Leo wageni wengi huja kuzitazama, na wenyeji hupata riziki kwa mawe yale yale.